Usimpe Mfalme Kisogo

Mwezi uliopita mwenzangu wa ofisini aliniomba nimchukulie binti yake kwenye darasa la dansi kule Abu Hamour, hapa Doha, kwa kuwa gari lake lilikuwa gereji. Nikapanda ngazi za jengo nisilolijua, juu ya duka la dawa, nikasukuma mlango, na kabla sijamwona mtoto hata mmoja, harufu ya ulimbo ikanipiga puani. Ni ulimbo mkavu wa msonobari. Wachezaji wa baleti huuponda, wakaumimina kwenye kisanduku cha mbao na kuukanyaga ili viatu visiteleze. Hunuka kama ubao uliotoka kurandwa sasa hivi. Nikasimama pale mlangoni, mwanamke mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, nikiivuta harufu ile.

Nilikuwa na miaka minane tulipokaa Al Thumama, mimi na Mama, katika chumba kimoja cha jumba lililogawanywa vipandevipande kwa wapangaji. Jiko lilikuwa kwenye ujia. Ndege zilipita chini sana, hata chai kikombeni ikafanya viduara. Mama alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya watu binafsi. Baba alibaki Voi na maisha yake mengine; hatukumtaja, nami sikujua kwamba kuna watoto wanaowataja baba zao kila siku. Nilivaa ufunguo wa chumba shingoni kwa kamba ya kiatu, na shuleni nilikuwa Mkenya peke yangu katika darasa la watoto thelathini.

Mama hakuwahi kuota kunifanya mchezaji. Zamu yake ilianza saa nane mchana, na alichoka kuniacha nikizungumza na televisheni mpaka arudi. Muuguzi mwenzake alimwambia kuna mama mmoja mzee anafundisha watoto baleti juu ya duka la vitabu na kalamu, Abu Hamour, mara tatu kwa wiki. Mama aliuliza mambo mawili tu: kama kuna kiyoyozi, na kama mlango unafungwa. Akaniandikisha.

Darasa lilianza saa kumi. Mama alinishusha saa saba na nusu, teksi ikiwa inaunguruma, akanirekebishia kola na kusema, "Mghoi, usitoke kwenye hizo ngazi. Ukitaka maji, mwombe Anko Kizito." Halafu teksi ikaondoka, nami nikabaki na saa mbili na nusu za kukaa.

Anko Kizito alikuwa mlinzi wa jengo, Mganda mrefu mwenye sare iliyompwaya mabegani. Alikuwa na kiti cha plastiki, redio ndogo na chupa ya chai. Mwanzo hatukuzungumza. Nilihesabu ngazi, zilikuwa ishirini na mbili, nikala mkate wangu, nikasikiliza adhana ya Alasiri ikitoka misikiti miwili kwa zamu tofauti kidogo. Siku moja aliniona nikienda kunawa mikono akacheka.

"Wewe mutoto, mbona unatembea kama bata?"

"Si bata," nikamjibu nikiwa nimenuna. "Ni baleti. Miguu lazima iangalie nje."

"Kwa nini iangalie nje? Inatafuta nini?"

Nikaenda kumwuliza Madam Ilona.

Madam Ilona alitoka Hungaria, na sikujua Hungaria ni wapi. Alivaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi, na alikuwa na fimbo nyembamba ya kugongea mdundo sakafuni. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kila neno likisimama peke yake, ndiyo maana nilimwelewa kuliko mtu mwingine yeyote pale mjini. Alikuwa na desturi ya kutusimulia tukiwa tumelala sakafuni tunanyoosha misuli. Nilipomwuliza habari ya miguu hakunicheka. Aliketi.

"Zamani," alisema, "hakukuwa na jukwaa. Kulikuwa na ukumbi wa kasri, mfalme ameketi upande mmoja, na watu wake wanacheza mbele yake. Hawakuwa wachezaji. Walikuwa mabwana na mabibi wa nchi. Kucheza ndiyo ilikuwa adabu yao. Miguu ilielekea nje ili kiatu kizuri kionekane, na ili mtu aweze kwenda kushoto na kulia bila kugeuka. Kwa sababu kitu kimoja hakikuruhusiwa kabisa." Akainua fimbo. "Usimpe mfalme kisogo."

Alitusimulia mengi kwa wiki zile. Kwamba mambo yale yalianzia Italia, kwenye karamu ambazo kila chakula kiliingia na ngoma yake, samaki na wachezaji waliovaa kama miungu ya bahari, matunda na wachezaji wengine. Kwamba msichana mmoja wa Kiitalia, mwenye miaka kumi na minne, alitolewa kwao akaozwa Ufaransa, mahali asipojua mtu, na alipokuja kuwa na nguvu akawaita wapiga muziki na walimu wa dansi wa kwao, ukumbi wake ukajaa. Kwamba baadaye alikuja mfalme aliyecheza yeye mwenyewe, amevaa dhahabu tangu kichwani hadi viatuni, na akaweka walimu wa kuzipa hatua zile majina, majina yaleyale tuliyokuwa tukiyaimba kila jioni bila kujua maana. Mfalme alipozeeka akaacha kucheza, kazi ikawaangukia watu waliolipwa kucheza, wakatoka ukumbini wakapanda jukwaani. Wanawake wakakata sketi nzito ili miguu ionekane. Mwishowe wakasimama juu ya vidole, kama watu wasio na uzito.

Wenzangu walipenda sehemu ya vidole. Mimi nilibaki kasrini. Nilitaka kujua mtu aliyecheza vibaya mbele ya mfalme alifanywa nini.

"Hakualikwa tena," alisema Madam Ilona. "Kasrini, aliyecheza vizuri alisogezwa karibu. Aliyecheza vibaya aliondoka, yeye na watu wake."

Yeye na watu wake. Maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani.

Mtaniwia radhi nikisema kwamba mtoto wa Doha alilielewa jambo hilo kuliko mtoto mwingine yeyote. Maisha yetu yote yalikuwa ni nani anabaki na nani anaondoka. Mama alizungumza na Shangazi kwa simu akiosha vyombo, akidhani naangalia katuni: "Hapa hakuna cha bidii. Mudir ndiye anaamua. Akikupenda unakaa, asipokupenda unapanda ndege." Mudir ni meneja, lakini sikujua. Nilisikia tu jinsi Mama alivyolitamka, kwa sauti ya chini, nikajua mara moja ni nani. Alikuwa mfalme wa Doha. Ndiye aliyekuwa na ndege zote zile zilizopita juu ya paa letu.

Nikaanza kuwa na adabu kupita kiasi. Shuleni nilitoka ofisi ya mwalimu mkuu kinyumenyume nikagonga mlango. Nilimsimulia Anko Kizito habari za kasri, naye akasikiliza kwa makini, redio ameizima.

"Hata kwetu ni hivyo," alisema. "Sisi Buganda tuna ngoma ya ikulu. Zamani kabaka alikuwa mutoto muchanga kabisa. Wamemuweka kitini, analia. Sasa mufalme analia, nani atafanya kazi? Watu wa ukoo wa mama yake wakacheza mbele yake, wanarusha miguu, wanazunguka, mpaka akanyamaza. Mpaka leo wanaicheza." Akasimama, akaangalia kulia na kushoto kama kuna wateja, akanionyesha: mabega yametulia, miguu inaruka na kukanyaga, buti za ulinzi zinagonga vigae. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Halafu nikauliza:

"Na wasingecheza vizuri?"

"Mutoto angeendelea kulia."

Nilisubiri aendelee, aseme nani alifukuzwa. Hakuendelea. Nilidhani ananificha.

Darasani nilikuwa na rafiki mmoja, Lina, mtoto wa Kilebanoni. Mama yake alinirudisha Al Thumama kila jioni kwa gari lao lililojaa makombo ya biskuti, kisha nikajifungia chumbani kumsubiri Mama. Lina ndiye aliyechaguliwa kuwa bibi harusi wa Kiitalia katika onyesho letu. Madam Ilona alitaka lichezwe kama zamani, katikati ya ukumbi, watazamaji pande tatu, na upande mmoja kiti kilichofunikwa kitambaa chekundu, kiti cha mfalme. Mazoezini kiti kilikuwa kitupu, tukikiinamia. Jumamosi moja Lina alijikwaa kwenye pindo, akaangukia makalio, akacheka huku amekipa kiti mgongo. Madam Ilona aligonga fimbo. "Lina! Kasrini ungeshaondolewa!" Sote tukacheka, na Lina zaidi yetu.

Jumanne Lina hakuja. Alhamisi hakuja. Jumamosi Madam Ilona alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake, "Lina ameondoka. Kazi ya baba yake imekwisha. Mghoi, utavaa gauni lake."

Sikumuaga. Hata simu yao sikuwa nayo. Nakumbuka nikiwa nimesimama pale wananiingiza kwenye gauni la kahawia ambalo kwapani bado lilikuwa na harufu yake, na kichwani mwangu kila kitu kilikuwa kimekaa sawasawa kama vitabu kwenye rafu. Alimpa mfalme kisogo. Ameondolewa, yeye na watu wake. Na sasa ni zamu yangu.

Kilichonithibitishia ni kwamba tangu wiki ile Mama akaanza kunichukua mwenyewe. Darasa lilipokwisha saa kumi na moja na nusu, nilimkuta chini ya ngazi na sare yake, anazungumza na Anko Kizito, wakati zamani hakurudi mpaka nimeshalala. "Wamenibadilishia zamu," alisema. Nilijua kwa nini. Nilikuwa nacheza vizuri, na habari imefika kwa Mudir. Nikaongeza bidii. Nilifanya mazoezi kwenye ujia wa jiko, nikiinama mbele ya friji, nikirudi nyuma hatua sita bila kutazama. Nilifanya mpaka kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi. Mama aliiona akanikanda kwa maji ya chumvi.

"Si lazima, mama," alisema. "Ni mchezo tu."

Nilimhurumia kwa kutojua.

Nikiangalia nyuma, naona tulikaa jioni nyingi hivyo, yeye kitandani na mimi sakafuni, kila mmoja kimya, na kila mmoja akidhani kimya cha mwenzake ni cha uchovu. Nilitamani kumwambia mtu mzigo niliokuwa nao. Lakini ningemwambiaje? Nilidhani nikisema kwa sauti mambo yataharibika.

Siku ya onyesho Mama alinishusha mapema, akaniambia ana jambo la kumaliza, atakuja kabla halijaanza. Anko Kizito alikuwa amepiga pasi sare yake. Aliinama akaninong'oneza, "Leo ucheze vizuri sana, eh? Mudir yuko juu."

Nikamwuliza, "Mudir mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Ameketi mbele."

Nilipanda zile ngazi ishirini na mbili kama mtu anayekwenda kupewa sindano. Na kweli, kwenye kile kiti chekundu alikuwa ameketi mzee mnene mwenye kanzu nyeupe na kilemba cheupe, tasbihi mkononi, anatazama dari. Viti vya pande zote vilikuwa vimejaa akina mama na akina baba wenye simu juu. Nilitafuta uso wa Mama, sikuuona.

Muziki ukaanza. Nilikuwa bibi harusi wa Kiitalia, nimekuja nchi ya watu, nyuma yangu wapishi na wapiga zeze wa kujifanya. Nilitembea polepole, miguu ikiangalia nje, mikono kama nimeshika yai. Niliinama mbele ya Mudir. Alitikisa kichwa kidogo. Nikaenda kushoto bila kugeuka, nikaenda kulia bila kugeuka. Nawaambia kweli, sijawahi tena maishani kufanya kitu kwa ukamilifu ule. Kila hatua niliyoweka sakafuni nilikuwa naweka chumba chetu, friji yetu, kitanda cha Mama. Zilibaki hatua sita za kurudi nyuma.

Nilipofika ya nne nikasikia mlango ukifunguliwa nyuma yangu, na kikohozi. Kila mtoto anakijua kikohozi cha mama yake. Sikufikiri. Niligeuka.

Alikuwa amesimama mlangoni na sare, anahema, jasho usoni, mkoba ameushika kifuani kwa mikono miwili. Tulitazamana. Akatabasamu, na lile tabasamu lilitetemeka kidogo upande mmoja. Halafu nikakumbuka mahali nilipo, na mgongo wangu wote ukapata baridi, kwa sababu ulikuwa umeelekea kwenye kiti chekundu.

Nikageuka tena upesi, nikamaliza hatua mbili zilizobaki. Watu wakapiga makofi. Madam Ilona alinibusu kichwani. Hakuna aliyesema neno. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba nimefanya kosa kubwa namna ile na mimi peke yangu nimeliona. Mimi na Mudir, ambaye sasa alikuwa anaangalia saa yake.

Siku tisa baadaye Mama alishusha masanduku juu ya kabati. "Tunarudi nyumbani," alisema. "Kazi imekwisha." Nikauliza, "Kwa sababu gani?" Akasema, "Mambo ya wakubwa tu." Nilikwenda kwenye ujia nikasimama mbele ya friji, nikalia bila sauti, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza.

Tulipita kuaga. Anko Kizito alinipa kalamu za rangi kutoka duka la chini. Nilimsogelea sikioni nikamwuliza, "Mfalme akikasirika, hasamehi kamwe?"

"Mufalme yupi?" akauliza.

Nilizishika kalamu zangu kifuani. Akanishika kichwa. "Bambi," alisema, neno lao la kumhurumia mtu, kisha akasimama kumsalimia yule mzee wa kanzu nyeupe aliyekuwa anatoka duka la vitabu akiwa na fundi wa viyoyozi. Nilijificha nyuma ya sketi ya Mama. Miaka mingi baadaye, nikiwa kidato cha pili, niliamka asubuhi moja nikijua, bila mtu kuniambia, kwamba yule alikuwa msimamizi wa jengo. Lakini kujua hakukufuta kitu. Nilikuwa nimeshaishi miaka mingi kama mtu aliyemfukuzisha mama yake kazi. Voi sikucheza tena, hata kwenye harusi. Mama alipata kazi katika zahanati, akaamka alfajiri kwa miaka kumi na tano, na kila alipolalamikia mgongo niliona aibu nikatoka nje.

Kwa hiyo jioni ile ya mwezi uliopita, hapa Doha nilikorudi kwa kazi, baada ya kumfikisha yule mtoto kwao, niliketi kwenye benchi la kituo cha basi nikampigia Mama simu. Siku hizi amestaafu, anafuga kuku. Nikamweleza yote: kiti chekundu, Mudir, Lina, kisogo. Nilisema haraka nisije nikaacha katikati. Upande wa pili nilisikia kuku, kisha sikusikia kitu, nikadhani mtandao umekatika.

"Mama?"

"Nipo." Nikasikia kiti kikiburutwa. "Mghoi, barua ya kuachishwa nilipewa wiki ileile rafiki yako alipoondoka. Walipunguza wauguzi. Ulikuwa hujaanza hata kuvaa hilo gauni."

"Lakini ulikuwa unakwenda kazini. Ulikuwa unavaa sare."

"Ningevaa nini? Ungeniuliza." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilikuwa natafuta. Asubuhi nazunguka kliniki, mchana nakushusha. Na siku ya onyesho niliitwa usaili, wakaniweka mpaka nikachelewa. Waliniambia watapiga simu. Sikutaka ujue mpaka umecheza ngoma yako."

"Na baada ya kunishusha, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Pale kanisani, Abu Hamour. Siku za kazi hakuna watu. Kuna kiyoyozi. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma mpaka saa yako ifike." Nikasikia akivuta pumzi. "Mara nyingi nilisimama nikasema, wacha niende nikae naye kwenye zile ngazi. Halafu nasema hapana, ataniuliza mbona siko kazini. Nakaa tena."

Tulibaki hivyo kwenye simu, hakuna aliyekata. Basi langu lilikuja likaondoka.

Ijumaa iliyofuata nililitafuta jengo letu la zamani. Duka la vitabu sasa linauza vipuri vya magari, na mlinzi ni kijana wa Kinepali aliyenitazama kwa mashaka. Sikupanda ngazi. Nilianzia pale zilipoanzia, nikatembea kuelekea kanisani kando ya barabara, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha kuta, nikafuata Wakristo waliokuwa wanakwenda upande uleule, kwa kuwa Doha ibada ya kanisani huwa Ijumaa. Sikutembea haraka. Nilifika langoni kabla shati halijanilowa jasho; siku zote zile Mama alikuwa ameketi karibu nami namna hiyo.